Likizo Kusiko na Ndugu

Karema,
6 Juni 2024

Kaka Malale,

Mwangaluka. Habari za hapo Kasansa? Goti la Baba linaendeleaje, na mkeo Sikujua na watoto, na mpunga mmeshavuna wote au bado mnagombana na ndege? Mimi ni mzima, ila uzima wenyewe ni huu wa kujikokota. Wodini tumekuwa wachache tangu Pasaka, na akina mama hawaachi kuzaa eti kwa sababu wauguzi wamepungua. Chumba changu cha Shanwe ni kilekile, mwenye nyumba ni yuleyule, na bomba linatoa maji likijisikia.

Sasa ukitazama hapo juu utaona nimeandika Karema, wala sikukosea. Nimepata likizo yangu ya mwaka na sikuja nyumbani. Nimekuja huku ziwani kupumzika. Najua maneno hayo yatakuwa mageni kwa Baba, kwa hiyo msomee taratibu, akiwa ameshakula.

Nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane anaitwa Yustina. Ana nyumba ya wageni yenye vyumba vichache kwenye ukingo wa mto Ifume, karibu na pale unapoingia ziwani. Asubuhi anachemsha chai, mchana anakaanga samaki wa ziwani, migebuka, na mtu akitaka kukaa kimya anamwacha akae kimya. Siku ya kwanza nililala mpaka akaja kugonga mlango akidhani nimekufa. Nilipofungua akashika kifua. “Dada, umenitisha! Nilikuwa nawaza ndugu zako nitawapatia wapi.” Nikamwambia ninalala tu. Akasema, “Basi lala, mie nitapiga hodi jioni.”

Ufuko uko mwendo mfupi kutoka hapa. Ziwa limepanda miaka hii, limekula mchanga na vibanda vya watu, lakini kipande kimebaki. Upande mmoja wanaanika dagaa, mimi nakaa upande mwingine nachovya miguu. Siogelei. Mtoni wanasema kuna mamba, na sisi watu wa ng'ombe maji tunayoyajua ni ya kunywesha. Juu ya kilima kuna ngome ya zamani ya Wabelgiji, kuta zake bado zimesimama. Jioni napanda pale, naangalia ziwa, nashuka. Hiyo ndiyo shughuli yangu yote na naiona ni nyingi.

Kaka, usikasirike. Nimechoka. Likizo ya mwaka jana nilifika hapo kaya na begi bado liko begani, mama mmoja tayari amekaa chini ya ghala na mguu umevimba. Kesho yake walikuwa benchi zima. Baba naye akaniita nikaamue ugomvi wako na jirani kuhusu jaruba la mpunga, kana kwamba nilisomea majaruba. Nilirudi kazini nimechoka kuliko nilivyotoka. Zamani Mama ndiye aliyekuwa anawafukuza. “Mwacheni mwanangu ale kwanza.” Sasa hayupo, na mimi kuwafukuza siwezi.

Simu nimeizima. Ikiwaka, wodini watanipigia kuuliza ufunguo wa kabati uko wapi, na uko palepale siku zote. Ukitaka kuniandikia, mpe kondakta wa basi la Mpanda aache dukani kwa Nestori hapo Shanwe. Nestori atampa wa Karema.

Wasalimie wote. Baba mwambie nampenda.

Mdogo wako,
Suzana

*

Kasansa,
15 Juni 2024

Mdogo wangu Suzana,

Barua yako imefika ikiwa inanuka dagaa, kwa hiyo nilijua ni ya kweli kabla sijaifungua. Sisi hapa tunapumua. Goti la Baba lina siku zake. Sikujua amepona malaria na amerudi kunisema kama kawaida. Mpunga tumevuna, haukuwa mwingi. Yule dume mwenye fujo amevunja zizi tena, nafikiri anataka kazi serikalini.

Nilimsomea Baba kama ulivyosema, akiwa ameshakula. Akauliza, “Yuko kwa nani?” Nikamwambia hayuko kwa mtu, amepanga chumba. Akasema, “Sawa. Chumba ni cha nani?” Nikasema cha mama mmoja, Yustina. “Anampikia?” Nikasema anampikia. “Asipoamka anakwenda kumwangalia?” Nikasema ndivyo alivyoandika. Akasema, “Basi yuko kwa Yustina. Mbona unanizungusha?” Na mimi nikiangalia vizuri naona mzee ana hoja.

Majirani ndio usiseme. Mmoja anasema umeolewa huko kimyakimya. Mwingine anasema unataka kuwa sista kwa sababu Karema kuna mapadri wa siku nyingi. Mke wangu anasema una mimba. Mimi niliwaambia amekwenda kupumzika, wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mtu anayepumzika anakwenda kwao. Mahali usikokuwa na ndugu unakwenda kutafuta mali, au kukimbia kesi, au kutibiwa. Sikulaumu. Nakuambia wanavyosema.

Sasa kuna jambo. Baba ameamua tuhame.

Baba mdogo Abednego alitangulia Tunduru mwaka juzi, ametuma habari kwamba majani yapo na maji yapo. Hapa unajua mwenyewe. Upande huu hifadhi, upande huu mashamba ya watu, na sisi katikati na ng'ombe ambao hawajui kusoma mipaka. Ugomvi wa jaruba ule ulioamua umerudi mara mbili. Baba anasema hataki kufa akiwa anagombana na jirani. Shamba amepatikana mtu wa kununua, na amekubali mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba pale alipolala Mama jembe halitapita.

Lini, sijui. Baba anasema haondoki mpaka watoto wake wote wamekula chungu kimoja kwenye kaya hii. Watoto wake ni mimi na wewe, na mimi nakula hapa kila siku.

Sikuambii uje. Nakupa habari tu.

Pumzika vizuri. Huyo Yustina msalimie.

Kaka yako,
Malale

*

Karema,
21 Juni 2024

Kaka Malale,

Nafurahi Sikujua amepona, na mwambie sina mimba; nikiwa nayo atakuwa wa kwanza kujua kwa sababu ndiye anayejua hata zisizokuwepo. Huku ni salama. Upepo wa ziwa umeanza kuwa mkali asubuhi na Yustina amenipa shuka la ziada. Jana alinifundisha kubanika migebuka bila kuwaunguza. Niliunguza wawili, tukala hivyohivyo.

Barua yako nimeisoma nikiwa kule juu kwenye ngome. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe la ukuta, wanafunzi wa shule moja ya Mpanda wametembelea wanapiga picha na mwalimu wao anapiga kelele wasipande. Kuta zile ni nene, unaweza kulala juu yake. Walioijenga waliondoka zamani hizo, watoto wa watoto wao hatuwajui, lakini kuta zimebaki na watu wanatoka mbali kuja kuziangalia. Sisi tunakaa mahali, tunazaa, tunazika, tukiondoka masika mawili yanatosha kutufuta.

Unakumbuka tulipopita Sikonge tukienda msibani, ukamwambia dereva asimame? Ukanionyesha mstari wa miti ya minyaa porini, ukasema hapa palikuwa zizi, hapa palikuwa mlango wa Mama. Mimi sikuona kitu. Niliona mahame. Tulizaliwa Meatu, tukakulia Sikonge, na tulipofika Kasansa Mama alisema kwa mdomo wake kwamba hapa ndiyo mwisho, hafungi tena vyungu. Na kweli hakufunga tena. Sasa nyie mnafunga.

Nimekasirika, Kaka, na sijui nimkasirikie nani. Baba nikimkasirikia naona goti lake.

Mwezi wa nane nitaomba ruhusa ya siku chache. Nitakuja, tutakula hicho chungu kimoja, na mimi nitakipika. Mwambie Baba anisubiri. Ni wiki chache tu, na majani ya Tunduru hayakimbii.

Utaniuliza kwa nini nisije sasa, na likizo ninayo. Usiniulize. Au uliza, nikujibu. Tangu Mama alipofariki sijalia. Siku ile nilikuwa mimi ndiye muuguzi wa familia, nikaandaa mwili, nikapika uji wa wazee, nikampima Baba presha, nikamshika Sikujua alipoanguka. Kisha nikarudi kazini. Nikiingia mle ndani mwake sasa, nitaanza, na naogopa kuanza wakati benchi la wagonjwa liko nje. Nipe wiki hizi nipate nguvu ya kulia. Baba usimsomee sehemu hii.

Suzana

*

Kasansa,
23 Juni 2024

Suzana,

Hatujambo wote. Barua yako ya pili sijaiona bado, kama uliandika.

Binamu yetu Zefania amepata nafasi kwenye Fuso inayokuja huko kuchukua dagaa. Anakuja na kitu cha Baba. Apewe mwenye nyumba, mkononi, mbele yako. Vibali vyote anavyo.

Usimrudishe.

Malale

*

Karema,
29 Juni 2024

Kaka Malale,

Shikamoo ya leo nakupa nusu, nyingine utaipata ukishanieleza. Sisi wazima. Hata huyo mgeni wenu ni mzima, amekula maua yote ya Yustina.

Mnaniletea mtamba! Nilikuwa ufukweni nimekaa zangu, nikasikia watoto wanakimbia wanasema kuna Msukuma amekuja na ng'ombe kwa Mama Yustina. Nikasema moyoni Wasukuma ni wengi. Kufika pale namkuta Zefania amesimama mbele ya nyumba ya wageni, amevaa koti la harusi, ameshika kamba, mtamba mwekundu amelala njiani kwa uchovu wa Fuso, na mji mzima umezunguka.

Yustina alitoka jikoni ameshika mwiko. Zefania akapiga goti, mbele za watu wote, akasema kwa sauti, “Mama, nimetumwa na mzee Masalu wa Kasansa. Anasema asante. Anasema pokea.” Halafu akamwekea kamba mkononi. Basi. Hakuongeza neno, na unajua Zefania akishasema alichotumwa huwezi kumtoa kingine hata kwa koleo.

Sasa sikia shida mliyotuletea. Huku ng'ombe akiletwa na mtu aliyevaa koti, akakabidhiwa mwanamke mjane mbele ya watu, kuna maana moja tu. Kabla jua halijazama Yustina ameshachumbiwa. Wanakwaya wenzake wamekuja kumpigia vigelegele. Kaka yake Gaudensi ametoka Kapalamsenga kwa pikipiki, amekasirika kwamba posa imepita bila yeye kuulizwa, na kwamba ng'ombe mmoja ni dharau. Yustina mwenyewe alininong'oneza jikoni, “Suzana, niambie ukweli. Baba yako ana umri gani?” Nikamwambia. Akafikiri kidogo. “Na goti lake, anaweza kupanda ngazi za kanisa?”

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kaka, sijacheka hivyo miaka. Halafu nikaona aibu, kwa sababu yule mtamba ninamjua. Ana ile alama nyeupe chini ya koo. Ni wa uzao wa ng'ombe wa Mama, yule aliyekuja naye kutoka kwao. Katika zizi lote mmemtoa huyo kumpa mtu ambaye nimelipia chumba chake na chakula chake kama mgeni mwingine yeyote?

Yustina hataki kumpokea. Anasema hajawahi kula cha mtu aliyekwisha kumlipa. Nimemwomba amtunze mpaka nipate jibu. Gaudensi tumemweleza, ameelewa nusu.

Kesho narudi Mpanda, Jumatatu niko wodini. Simu nitaiwasha. Nieleze Baba anataka nini. Na umwambie mwezi wa nane nakuja, asisahau.

Suzana

*

Kasansa,
28 Julai 2024

Mdogo wangu Suzana,

Nisamehe kwa kuchelewa, na simu usinilaumu, imeingia vumbi ikafa. Sisi tupo. Watoto wazima. Mvua hakuna, ni msimu wake kutokuwepo. Baba anakula vizuri.

Barua zako zote mbili nilizipata pamoja, ile ya ngome na ile ya mtamba. Ya mtamba tulimsomea Baba, akacheka mpaka akakohoa. Ile habari ya ngazi za kanisa alitaka irudiwe. Akasema, “Mwambie ninaweza kupanda, ila taratibu.” Kisha akasema mtamba harudi. Huyo Yustina asimchinje na asimuuze, amweke. Akizaa, maziwa ni yake. Mengine utaelewa, alisema hivyo.

Kazini mnaendeleaje? Umepata muuguzi wa kusaidiana, au bado uko peke yako wodini? Sikujua anasema ujaribu uji wa ulezi asubuhi, unarudisha damu.

Mwezi wa nane tumesikia. Baba anasema upumzike. Anasema usijisumbue sana.

Hapa nyumbani hakuna jipya la kuandika.

Malale

*

Shanwe, Mpanda,
20 Agosti 2024

Kaka Malale,

Sijui barua hii naituma wapi. Nestori ana mteja anayepeleka nguo Tunduru, anasema soko ni moja na Wasukuma wanajuana, atauliza kwa Abednego. Kwa hiyo sijui utaisoma lini, au kama utaisoma. Nakusalimu hata hivyo. Namsalimu Baba, Sikujua na watoto, wote mlioondoka.

Nilipata ruhusa nikaja Jumamosi. Nilinunua mchele hapa Mpanda kwa sababu ulisema wenu haukuwa mwingi, na nyama, na chumvi, hata chumvi nilinunua. Nilishuka pale barabarani nikatembea na mizigo yangu. Nilikuwa najisemesha nitakavyosema nikifika. Kwanza nikaona zizi halina kitu, nikasema wako malishoni. Halafu nikaona nyumba hazina mabati.

Uliandika hakuna jipya la kuandika.

Lusia wa jirani ndiye aliyenikuta. Aliniambia malori yalikuja mwanzo wa mwezi, kwamba mlipakia siku nzima, kwamba Baba aliingia kwa dereva akiwa wa mwisho na hakuangalia nyuma. Alidhani najua. Aliponiona sijui aliweka kikapu chini, akasema, “Suzana, kumbe hawajakwambia?” Nikasema wameniambia. Sikutaka aone kwamba ndugu zangu wamenificha.

Niliingia kwa Mama. Bila paa ni chumba kidogo sana, Kaka. Jua limeingia mpaka pale alipokuwa anaweka vyungu. Nilikaa hapo chini, nikalia. Nililia kama nilivyoogopa nitalia, kwa sauti, na hakukuwa na benchi nje, hakukuwa na mtu wa kumpima presha. Lusia alinisikia akaniacha. Baadaye akaja na maji ya kunawa. Kaburi ni safi, mmezungushia mawe, nimeona. Wali nimepikia kwa Lusia tukala na watoto wake.

Nina swali moja tu. Baba alisema haondoki mpaka tumekula pamoja. Nilimwambia mwezi wa nane. Nilikuja mwezi wa nane. Kwa nini hakunisubiri?

Suzana

*

Tunduru,
2 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Barua yako imetufikia. Tumefika wazima, ng'ombe wawili walikufa njiani, watu wote wapo. Watoto wana mafua ya vumbi. Tumejenga nyumba mbili, ya Baba imeshaezekwa. Majani kweli yapo. Maji yako mbali kuliko alivyosema baba mdogo Abednego, naye anasema mwaka huu yamesogea.

Nilikudanganya. Sitazunguka. Ile barua ya mwezi wa saba niliandika nimekaa juu ya mabati yaliyofungwa.

Uliniambia nisimsomee Baba ile sehemu ya kulia. Ningefanyaje, Suzana? Anajua urefu wa karatasi. Niliposimama akauliza, “Na hapo chini pameandikwa nini?” Nikamsomea. Siku ile hakula. Kesho yake akaniita zizini akasema tuondoke kabla hujaja. Nikamwambia, Baba, umesema chungu kimoja. Akasema, “Akija atakuta tunahama. Atafunga vyombo, atapika, atatibu watu, atanishika mkono kunipandisha kwenye lori. Kulia atasahau tena. Mwache mtoto. Mara hii asifanye kazi.” Ndivyo alivyosema. Nilibishana naye siku mbili, halafu nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakonisumbua mpaka leo.

Habari ya mtamba nayo hukuielewa, na sikukueleza kwa sababu ningekueleza ungejua tunaondoka upesi. Yule si zawadi na si malipo. Baba ameweka ng'ombe. Umekaa sana mjini umesahau. Ukiweka ng'ombe wako kwa mtu, kwake ni kwenu. Huendi tena kama mgeni, na wao hawawezi kukuuliza umekuja kufanya nini. Babu alikuwa na ng'ombe wamewekwa nchi nne, na kila nchi alilala bila kubisha hodi. Baba alisema huku tunakokwenda ni mbali, mtoto akichoka hataweza kufika. Akachagua uzao wa Mama, akasema hao wana adabu.

Kwa hiyo mzee hakusahau. Alipiga hesabu zake akaona hivi ndivyo bora.

Ameuliza likizo yako ya mwakani ni lini. Anauliza kila mtu, hata wasiokujua. Sijui nimjibu nini. Kama hutaki kuandika, nitaelewa.

Malale

*

Karema,
27 Oktoba 2024

Kaka Malale,

Habari za vumbi la huko, na watoto, na Sikujua. Poleni kwa ng'ombe waliokufa. Nimekuja huku kwa siku zangu mbili za mapumziko. Nilimweleza Yustina maana ya mtamba, akanisikiliza mpaka mwisho, akaenda kumwita Gaudensi, wakazungumza Kifipa chao muda mrefu. Halafu akaja akanirudishia hela niliyolipa ya chumba. Nilikataa. Akasema, “Binti Masalu, usinitie aibu. Kalale.” Nimelala. Kwa hiyo Baba kwenye hilo amepatia.

Lakini mwambie kwenye lile lingine amekosea. Mwambie kwa heshima, ila usilipunguze. Nilikuwa nimechoka na watu wote, sikuwa nimechoka naye. Vyombo vya Mama nilitaka nivifunge mimi. Kumpandisha kwenye lori nilitaka nimpandishe mimi, nimfunike goti, nisimame barabarani mpaka lisionekane. Kazi hiyo ilikuwa yangu na mmenipumzisha nayo.

Nimekasirika bado. Itaisha, nakujua na najijua. Jana nilikaa ufukweni nikajaribu kuwawazia nyumba mlizojenga, mlango unatazama wapi, Baba anakaa upande gani jioni, nikaona siwezi kuwawazia chochote. Nyie mko mahali nisipopajua.

Likizo yangu ni Juni. Mwambie Baba nakuja, na asiniandalie kitu, na kama kuna benchi la wagonjwa litakuwepo tu. Nimemuuliza Nestori, akasema mpaka Tunduru mjini magari ni rahisi kupata, kutoka hapo hajui. Miaka yote nilikuwa nashuka nikiwa nasinzia, miguu inajua yenyewe. Sijawahi kumuuliza mtu njia ya kwenda kwetu.

Niandikie, Kaka. Nishukie wapi?

Suzana